Mtoto wa jicho: Kabla ya kuuliza bei ya lenzi, muulizeni mama kutwa anafanya nini

Bibi wa miaka 68 ambaye hakuweza kusoma bila miwani anaanza, bila dawa yoyote, kusoma ujumbe wa simu kwa macho matupu. Nyumba nzima inafurahi. Wajukuu wanamtania kwamba anarudi usichanani, na kwenye kundi la WhatsApp la familia watoto walio mbali wanaambiwa macho ya mama yamepona.

Hayajapona. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mapema ya mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, inapochakaa kwa umri, kiini chake huwa kigumu na kuupinda mwanga zaidi kuliko zamani. Jicho linageuka kuwa la kuona karibu. Maandishi ya simu yanasomeka, lakini uso wa jirani aliye ng'ambo ya barabara unapotea. Wataalamu wa macho wanaijua vizuri hali hiyo, na wanajua kwamba haidumu. Ukungu ukiongezeka, hata ya karibu hayasomeki tena.

Mtoto wa jicho si utando uliokaa juu ya jicho, ingawa wengi huueleza hivyo kwa sababu weupe ukishakuwa mkubwa unaonekana hata kwa mtu aliyekaa mbele ya mgonjwa. Ni lenzi yenyewe iliyopoteza ung'avu, mfano wa kioo cha daladala kilichojaa mvuke asubuhi ya mvua, ila mvuke huu haufutiki kwa nje. Hakuna matone ya dawa yaliyothibitishwa kuuyeyusha, wala majani, wala asali. Baadhi ya vitu ambavyo watu hudondoshewa machoni huko mitaani huacha kidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na kovu lake linaweza kuliharibu jicho ambalo upasuaji ungeliokoa. Shirika la Afya Duniani linautaja mtoto wa jicho kuwa chanzo kikuu cha upofu duniani. Tiba yake ni moja: kuitoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia.

Familia inabaki na maswali mawili: lini, na lenzi gani. Mengi yanayosemwa sebuleni kuhusu maswali haya yametoka enzi za upasuaji wa aina nyingine kabisa.

"Bado haujakomaa"

Ushauri wa kusubiri mpaka mtoto wa jicho ukomae ulikuwa na maana yake. Zamani daktari alikata jicho kwa upana, akaitoa lenzi nzima pamoja na mfuko wake, kisha akashona. Mgonjwa alibaki bila lenzi, akavaa miwani minene kama kitako cha chupa, iliyokuza kila kitu na kumfanya aone vizuri katikati tu. Kwa mtu aliyekuwa bado anaona kiasi, kubadilishana namna hiyo hakukumfaa. Ilikuwa busara kungoja mpaka karibu haoni kabisa.

Siku hizi daktari huufungua mfuko wa lenzi kwa mbele, akatoa kilichochakaa, na kuuacha mfuko mahali pake. Lenzi mpya hukaa humo humo. Sasa kungoja ndiko kunakoleta gharama. Kadiri miaka inavyopita kiini kinakuwa kigumu zaidi, upasuaji unachukua muda mrefu zaidi na konea inachoka zaidi. Lenzi iliyopitiliza inaweza kuvimba au kuvuja ndani ya jicho, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu na kuuma, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukaumia. Uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi hata lenzi ikibadilishwa.

Hayo hayana maana kwamba kila mwenye mtoto wa jicho akimbizwe hospitali wiki hii. Kwa watu wazima walio wengi huu si ugonjwa wa dharura. Mzee ambaye kipimo kimeonyesha lenzi imeanza kufifia, lakini anasoma, anatembea na kufanya shughuli zake vizuri, anaweza kubadilishiwa miwani na kupangiwa tarehe ya kurudi. Daktari mzuri hatamtisha. Wakati wa upasuaji unafika pale ambapo kutokuona kunamzuia kufanya jambo analolihitaji au analolipenda, na miwani mipya haisaidii. Mwenye kujua hilo ni mzee mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mzee hasemi. Simu ya jioni huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Macho yanaendeleaje?"

"Aa, yapo tu. Ni uzee huu, baba. Nyie lipeni kwanza ada za watoto."

Simu inakatwa na watu wanaamini wameuliza. Lakini "yapo tu" si jibu la macho, ni jibu la mtu asiyetaka kuwa mzigo. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la Uingereza la madaktari wa macho ulichunguza kwa nini wazee wenye mtoto wa jicho wanafanyiwa au hawafanyiwi upasuaji, na ulionyesha kwamba uamuzi huo ni wa familia kuliko unavyokuwa wa mgonjwa peke yake. Na tafiti za nchi nyingi zenye kipato cha chini zimekuta wanawake wanafikiwa na upasuaji huu kidogo kuliko wanaume. Baba akishindwa kuona, watoto wanakaa kikao. Mama akishindwa, anasogeza kigoda karibu na mlango penye mwanga na kuendelea kuchambua mchele.

Maswali yanayofungua mdomo ni yale ya vitu anavyovishika. Mama, mara ya mwisho umeshona lini? Ukitumiwa hela, nani anakusomea ujumbe? Ukienda dukani unazitambua noti mwenyewe, au unampa mwenye duka pochi achukue? Hili la pochi lisichukuliwe kama jambo dogo. Mtu aliyehesabu fedha zake maisha yake yote na sasa anamtegemea mjukuu amsomee salio la simu, amepoteza zaidi ya macho, na si kila mjukuu ni mwaminifu.

Kuna mengine yanaonekana bila kuuliza. Chai inamwagika nje ya kikombe. Ameacha kwenda jumuiya ya jioni au swala ya Ishaa msikitini kwa sababu taa za magari zinamchoma macho. Anawatambua watu kwa sauti baada ya kusalimiwa. Ameanguka kwenye ngazi ambayo ameipanda miaka 30. Familia ikiona mawili matatu kati ya hayo, muda wa kupimwa umefika.

Lenzi moja, umbali mmoja

Lenzi ya kwanza ya bandia iliwekwa ndani ya jicho la mtu mwaka 1949 katika hospitali ya St Thomas' jijini London na daktari Harold Ridley. Alikuwa ameona jambo la ajabu kwa marubani wa Vita Kuu ya Pili. Vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege vilivyopasuka viliingia machoni mwao, vikakaa humo bila jicho kuvikataa. Akawaza kwamba kama plastiki inaweza kukaa jichoni kwa bahati mbaya, inaweza kukaa humo kwa makusudi. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Kwa muda mrefu lenzi hizo zilikuwa za watu wa nchi tajiri, mpaka viwanda vya nchi kama India vilipoanza kuzitengeneza kwa bei nafuu. Kile cha Aurolab, mjini Madurai, kilianza mwaka 1992, na bei ikashuka kiasi cha hospitali za nchi maskini kuacha kuwapa watu miwani ya kitako cha chupa.

Lenzi ya siku hizi ina sehemu ya kuonea yenye upana wa milimita 6 hivi, na vikono viwili vya kuishikilia ndani ya mfuko. Haichakai, haisafishwi, haitolewi usiku. Inakaa humo maisha yote. Kuibadilisha inawezekana, lakini ni upasuaji mwingine wenye hatari kubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo inafaa ichaguliwe vizuri mara ya kwanza.

Jambo ambalo familia nyingi haziambiwi, au zinaambiwa kwa haraka siku ya upasuaji, ni kwamba lenzi ya kawaida haijikunji wala kujinyoosha kama ile ya ujanani. Ina umbali mmoja inaouona vizuri. Ikiwekwa ya kuona mbali, mgonjwa ataona barabara, watu, ng'ombe malishoni na runinga bila miwani, lakini kusoma na kushona atahitaji miwani ya kusomea. Ikiwekwa ya kuona karibu, atasoma na kuchambua mchele kwa macho matupu, na atavaa miwani akitoka nje. Zote mbili ni sahihi. Inategemea mtu.

Kwa kawaida huwekwa ya mbali, na kwa walio wengi huo ni uamuzi mzuri. Mkulima wa kahawa anayeshuka kwenye kihamba chenye mteremko anahitaji kuona anapokanyaga. Dereva hana cha kujadili. Lakini yupo mama fundi cherehani ambaye siku yake nzima iko ndani ya sentimita 40. Yupo mzee ambaye furaha yake yote iliyobaki ni msahafu au Biblia, na safari yake ndefu ni kutoka chumbani hadi barazani. Na yupo mtu mmoja wa kuangaliwa kwa makini zaidi: yule aliyevaa miwani ya kuona mbali tangu shule, ambaye siku zote akitaka kusoma huivua tu na kusogeza kitabu. Mtu huyo akiwekewa lenzi ya mbali bila kuulizwa, atatoka hospitali anaona mlima vizuri na hawezi kusoma jina la dawa mkononi mwake, kitu alichokiweza maisha yake yote. Daktari ataandika kwamba upasuaji umefanikiwa, na mgonjwa atarudi nyumbani amenuna. Wote wawili watakuwa sahihi.

Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe la bei. Mzee aende kliniki akiwa na jibu la swali hili: kama utalazimika kuvaa miwani kwa jambo moja, ungependa liwe lipi, kusoma au kutembea? Daktari akisikia jibu anajua atafute lenzi ya namna gani. Asipolisikia ataweka ya mbali, kwa sababu ndiyo ya wengi.

Baada ya hapo kinakuja kipimo. Kila jicho lina namba yake ya lenzi, kama miwani ilivyo na namba. Namba hiyo hupatikana kwa kupima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa wastani ni milimita 23 hadi 24, na mpindo wa konea. Kosa la milimita moja tu kwenye urefu linaweza kumwacha mgonjwa na tofauti ya miwani ya namba 2.5 au zaidi. Kulikuwa na wakati ambapo kambi za upasuaji katika nchi nyingi ziliwawekea wagonjwa wote lenzi ya namba moja ya wastani, kwa kukosa mashine. Ilikuwa afadhali kuliko upofu. Leo familia ina haki ya kuuliza kwa adabu: daktari, macho ya mama yamepimwa namba ya lenzi? Hata kama ni kambi, hata kama ni bure.

Zile za bei kubwa

Hapa ndipo mtoto aliyeko Marekani au Muscat anapoingia kwenye mazungumzo. Ameshatuma hela, na agizo lake ni moja: wekeni ile bora. Nia ni njema. Lakini kwenye lenzi, ghali na bora si neno moja.

Ipo lenzi yenye maeneo kadhaa ya kuona, ya mbali na ya karibu kwa pamoja. Wengi wanaowekewa hupunguza sana kuvaa miwani, wengine huiacha kabisa. Ila lenzi hiyo inaugawa mwanga. Wapo wanaoona duara la mwanga kuzunguka taa usiku, na vitu vyenye rangi hafifu vinakuwa hafifu zaidi, hasa penye giza. Anayeendesha gari usiku anaweza kujuta. Mwenye retina iliyoharibiwa na kisukari, au mwenye presha ya macho, kwa kawaida hashauriwi kuiweka, kwa sababu jicho lake halina mwanga wa ziada wa kugawa. Bibi wa miaka 75 mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuona vizuri zaidi kwa lenzi ya kawaida kuliko kwa ile ambayo mwanawe ameilipia mara kadhaa zaidi.

Ipo pia lenzi ya toriki, kwa mtu ambaye konea yake haikupinda sawasawa, yaani iko kama yai badala ya mpira. Kwa mwenye tatizo hilo kwa kiwango kikubwa, hii ni nyongeza ya haki kabisa na inaleta tofauti ya kweli. Kwa asiye nalo haina kazi. Kipimo ndicho kinachosema.

Halafu kuna suala la njia ya upasuaji, ambalo huchanganywa na suala la lenzi. Kwenye hospitali nyingi za Tanzania hutumika njia ya mkono: daktari hufungua njia ya milimita 6 au 7 hivi pembeni ya konea, inayojifunga yenyewe bila nyuzi kwa walio wengi, na kuweka lenzi ngumu. Njia ya mashine, iitwayo fako, husaga kiini kwa mawimbi ya sauti na kupitisha lenzi laini inayokunjwa kwenye tundu la milimita 2 au 3. Kupona kwa fako ni haraka kidogo. Lakini utafiti uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha wagonjwa wa njia hizo mbili, ukakuta wote waliona vizuri sana baada ya miezi sita, huku njia ya mkono ikiwa ya haraka na nafuu zaidi. Kwa kiini kilichokuwa kigumu kama jiwe, daktari aliyezoea njia ya mkono mara nyingi ndiye wa kumtafuta. Mkono uliozoea una thamani kuliko mashine mpya.

Hela zikiwepo, yapo mambo ya kuzitumia kabla ya lenzi ya kifahari. Nauli ya kurudi kliniki mara mbili au tatu. Dawa za matone mpaka ziishe. Miwani ya mwisho. Mtu wa kukaa na mzee wiki ya kwanza. Familia iulize bei inajumuisha nini, na kama kuna bima, iulize mapema inalipia lenzi gani. Kwa mzee asiye na uwezo, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoshughulikia misamaha. Aende huko kabla ya siku ya upasuaji, asisubiri kudaiwa mlangoni.

Asichokijua daktari

Kabla ya kisu, retina na mshipa wa fahamu wa jicho vinapaswa kuangaliwa, kadiri ukungu unavyoruhusu. Mtoto wa jicho unaweza kukaa jicho moja na presha ya macho au madhara ya kisukari. Lenzi mpya itaondoa ukungu, haitafufua kilichokufa nyuma yake. Familia ikiambiwa hilo mapema inakuwa na matumaini ya kiasi chake. Ikiambiwa baadaye inaamini daktari ameharibu.

Sukari iwe imedhibitiwa. Na dawa zote anazotumia mzee zibebwe kwenye mfuko ule ule ziliomo, zipelekwe kwa daktari. Moja ambayo wanaume huificha kwa aibu ni tamsulosin, dawa ya tezi dume. Inaweza kuulegeza ule mviringo wenye rangi unaozunguka mboni, ukaanza kuyumba wakati wa upasuaji. Daktari akijua anajiandaa na kazi inaendelea. Asipojua anashtukia katikati. Hata baba aliyeiacha miezi iliyopita aiseme. Asiiache wala kuacha dawa ya kulainisha damu kwa uamuzi wake mwenyewe.

Upasuaji wenyewe kwa mtu mzima ni wa ganzi ya jicho tu. Mgonjwa yuko macho, anasikia sauti, haoni kisu, na mara nyingi ndani ya nusu saa anakuwa ameshatoka. Kinachohitajika zaidi kwake ni kulala chali bila kukohoa, hivyo mwenye kikohozi aseme.

Hatari zipo. Mfuko wa lenzi unaweza kupasuka, retina inaweza kubanduka, na lililo baya kuliko yote, wadudu wanaweza kuingia ndani ya jicho. Ni nadra, ila yakitokea muda ni kila kitu. Baada ya upasuaji, kukwaruza kidogo na machozi ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, jicho linalozidi kuwa jekundu, usaha, au uoni unaopungua badala ya kuongezeka si kawaida, na mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Vivyo hivyo akiona mimweko ya mwanga au kama pazia jeusi linashuka. Matone ya dawa yanawekwa kwa wiki kadhaa baada ya kunawa mikono kwa sabuni, na chupa isiguse jicho. Jicho lisisuguliwe. Maji ya bombani na ya mtoni yasiliingie siku za mwanzo.

Miezi au miaka baadaye wengine huona ukungu tena na kusema mtoto wa jicho umerudi. Haurudi, kwa sababu lenzi ile haipo. Ni ule mfuko uliobaki ambao umefifia nyuma ya lenzi mpya, na hufunguliwa kwa mwanga wa leza kliniki, kwa dakika chache, bila kisu.

Mtoto mchanga ni habari nyingine

Kila kilichosemwa juu ya kutokuwa na haraka ni cha watu wazima. Mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, na kwake hesabu ni ya wiki. Ubongo wake unajifunza kuona katika miezi ya kwanza. Ukikosa picha safi kipindi hicho, baadaye hata jicho likisafishwa ubongo hautajua la kufanya nalo. Mtoto anayezaliwa na ukungu mzito hupangiwa upasuaji katika wiki za mwanzo za maisha, na mara nyingi mchanga hawekewi lenzi kwanza, bali hupewa miwani, kwa sababu jicho lake bado linakua na namba itabadilika.

Mzazi akiona weupe kwenye mboni ya mtoto, iwe kwa macho yake au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, na wanaoweza kutofautisha ni wataalamu tu. Aombe rufaa ya hospitali yenye wataalamu wa macho ya watoto, kama KCMC ya Moshi, au CCBRT na Muhimbili za Dar es Salaam.

Jicho la pili

Kwa watu wazima macho kwa kawaida hufanywa moja moja, kwa kupishana wiki au miezi. Muda huo wa katikati una faida ambayo wengi hawaitumii. Mzee ameishi na lenzi ya kwanza, na sasa anajua mwenyewe kama aliipenda. Jicho la kulia likiwa limewekwa la mbali na amekosa sana kusoma, anaweza kuzungumza na daktari kama la kushoto lielekezwe karibu kidogo. Wapo wanaozoea mpangilio huo vizuri na wapo unaowapa kizunguzungu, kwa hiyo ujadiliwe, usilazimishwe. Miwani ya kudumu huandikwa jicho likishatulia, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita.

Pakiti ya lenzi huja na vibandiko vyenye aina na namba yake. Kimoja hubandikwa kwenye faili la hospitali. Familia iombe kingine, au iandike namba hiyo pamoja na tarehe na jicho lililofanywa, iihifadhi na kadi ya bima ya mama na kuipiga picha. Daktari wa jicho la pili, pengine wa hospitali nyingine na mkoa mwingine, ataiulizia.